Kambi za Everest na Mabega Yanayozibeba

Mtu akichukuliwa Mombasa bila maandalizi yoyote na kushushwa ghafla kwenye kilele cha Everest, atazirai ndani ya dakika chache, na asipopewa oksijeni atakufa. Hatauawa na baridi wala upepo, ataishiwa pumzi tu. Helikopta imeshatua pale juu, ikiendeshwa na rubani Mfaransa Didier Delsalle, tarehe 14 Mei 2005, na ikaondoka salama. Kwa hiyo ugumu wa Everest si kukifikisha kitu kwenye mita 8,848. Ugumu ni kumfikisha mtu akiwa bado na akili ya kurudi.

Dawa ya ugumu huo ilianza kutafutwa miaka mia moja iliyopita na bado ndiyo inayotumika kila Mei: kambi zinazojengwa moja juu ya nyingine, mpandaji akipanda, akishuka, kisha akipanda tena. Katika habari nyingi kambi hizo hutajwa kama vituo vya kulala, basi. Kwa kweli zina kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Zinaubadilisha mwili wa mpandaji, na zinausogeza mzigo. Kazi ya kwanza hakuna anayeweza kumfanyia mwenzake. Ya pili inaweza kufanywa na mtu mwingine kwa malipo. Mizozo mingi ya Everest ya leo, ya vifo, ya misururu na ya takataka, imezaliwa katika tofauti hiyo.

Tuanze na mwili. Husemwa kwamba juu mlimani oksijeni ni kidogo, na kauli hiyo ni kweli nusu. Hewa ya Everest ina oksijeni asilimia 21 sawasawa na hewa ya ufuko wa Bamburi. Kinachopungua ni kanieneo, ile nguvu inayoisukuma hewa mapafuni hadi ndani ya damu. Kileleni imebaki takriban theluthi moja ya ile ya pwani. Mtu anavuta hewa, kifua kinajaa, lakini damu inarudi karibu mikono mitupu.

Mwaka 2007 madaktari watafiti kutoka Uingereza waliamua kulipima jambo hili kwa miili yao wenyewe. Walipokuwa wakishuka kutoka kileleni walisimama kwenye mita 8,400, wakavua sehemu ya mavazi kwenye baridi ile na kutolewa damu kwenye mshipa mkubwa wa pajani. Kiwango cha oksijeni kilichoonekana kilikuwa cha chini kiasi kwamba mgonjwa anayefika hospitalini akiwa nacho angehesabiwa mahututi. Hawa walikuwa wakitembea na kuzungumza. Walichowazidi wagonjwa ni majuma kadhaa ya kupanda na kushuka.

Katika majuma hayo mengi hutokea ndani ya mwili. Kwanza pumzi huongezeka kasi, hata usingizini. Kisha figo hurekebisha kemia ya damu ili kasi hiyo ya pumzi isilete madhara. Baadaye uboho wa mifupa hutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi, kazi inayochukua wiki nzima na zaidi. Hakuna hatua inayoharakishwa kwa ujasiri. Anayelazimisha hukutana na moja ya maradhi mawili: mapafu kujaa maji au ubongo kuvimba. Zipo dawa za kusaidia kwa muda, deksamethasoni ikiwa mojawapo, ila tiba ya uhakika ni kushuka, tena upesi.

Wahenga wanasema mpanda ngazi hushuka, wakimwonya mwenye makuu. Huko Himalaya, kushuka ndiko kunakompandisha mtu. Mpandaji hugusa kimo kipya mchana, hurudi kulala chini zaidi, na baada ya siku chache hulala pale alipopagusa tu safari iliyopita. Waongozaji wa Kilimanjaro wanaijua kanuni hii vizuri. Katika njia ya Machame wageni hupelekwa hadi Lava Tower, karibu mita 4,600, halafu hushushwa kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Tofauti ni kwamba Kilimanjaro mchezo huu huisha kwa siku sita au saba na kilele ni mita 5,895. Kambi ya chini ya Everest upande wa Nepal, mahali ambapo upandaji ndio kwanza unaanza, iko mita 5,364. Mtu akisimama pale yuko chini ya Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, kwa mita mia tano na ushei tu, na bado ana karibu mita 3,500 za kwenda juu.

Kimo cha kambi hiyo hakikuchaguliwa kwa sababu ya mandhari. Makazi ya kudumu yaliyo juu kuliko yote duniani, mji wa wachimba dhahabu wa La Rinconada nchini Peru, yako mita 5,100 hivi. Zaidi ya hapo kidogo, mwili huacha kupona na kuanza kuchakaa: misuli inapungua, jeraha halifungi, chakula hakitamaniki. Juu ya mita 8,000 uchakavu huo ni wa saa kwa saa. Daktari wa Uswisi Edouard Wyss-Dunant, aliyeongoza msafara wa Everest mwaka 1952, ndiye anayesifiwa kwa kulitaja eneo hilo kuwa la mauti, na jina limebaki. Basi mpangaji wa kambi anatembea kati ya saa mbili zinazopingana. Moja inamwambia asubiri mwili uzoee, nyingine inamwambia aharakishe kabla mwili haujaisha.

Mzigo nao una hesabu yake, na hesabu hiyo haijawahi kuonekana wazi kuliko mwaka 1953. Kanali John Hunt, kiongozi wa msafara wa Uingereza uliowafikisha Edmund Hillary na Tenzing Norgay kileleni, alikuwa mwanajeshi na aliupanga mlima kama vita vya ugavi. Wapagazi zaidi ya 300 walitembea na shehena kuelekea Khumbu, eneo lililo chini ya Everest. Baada ya hapo kundi dogo la Washerpa, wenyeji wa milima hiyo, na Waingereza lilianza kujenga kambi tisa. Ili watu wawili walale usiku mmoja karibu na mita 8,500, ilibidi hema, jiko, chakula na oksijeni vifikishwe pale. Wabebaji wa vitu hivyo nao walihitaji kula na kulala njiani, na waliowalisha hao walihitaji wengine wa kuwalisha. Shehena iliyotoka Kathmandu kwa tani iliishia juu ikiwa vifurushi vichache mgongoni.

Mpango ulikwama kwenye ukuta wa barafu wa Lhotse, mlima jirani. Siku zilipita, chakula cha kambi za juu kikaliwa na watu waliokuwa hawasongi mbele. Hatimaye tarehe 21 Mei Wilfrid Noyce na Msherpa Annullu wakafungua njia hadi bonde la South Col, na kesho yake kundi la wapagazi likafuata. Tarehe 26 Mei Tom Bourdillon na Charles Evans wakawa watu wa kwanza kufika Kilele cha Kusini, mita mia moja tu chini ya kilele chenyewe, wakageuka. Mitungi yao ilikuwa na hitilafu na saa zilikuwa zimekwenda. Lakini lipo jambo jingine lisilosemwa sana: walikuwa wameanzia South Col moja kwa moja, bila kambi ya kati. Siku hiyo hiyo Hunt na Msherpa Da Namgyal walikuwa wakipandisha mizigo ya kambi hiyo ya kati hadi karibu mita 8,340, ambako waliiacha kwa kuishiwa nguvu. Tarehe 28 Mei George Lowe, Alfred Gregory na Ang Nyima wakaiokota na kuisogeza mbele pamoja na Hillary na Tenzing, kisha watatu hao wakashuka. Saa 5:30 asubuhi ya Mei 29 wawili waliobaki walikuwa kileleni.

Watu wawili, basi, na nyuma yao mamia. Tenzing mwenyewe alijua pande zote mbili za hesabu hiyo: mwaka mmoja kabla alikuwa amefika karibu mita 8,600 pamoja na Mswisi Raymond Lambert, na kabla ya hapo alikuwa ameanza kazi za Everest katika miaka ya 1930 kama mpagazi wa kawaida. Bei ya mfumo huu ilikuwa imelipwa mapema pia. Tarehe 7 Juni 1922, katika jaribio la tatu la Waingereza upande wa Tibet, poromoko la theluji liliwafukia wapagazi saba chini ya bonde la North Col. Ndivyo vilivyokuwa vifo vya kwanza vya upandaji Everest, na katika saba hao hakuwamo Mwingereza hata mmoja.

Leo njia ya kusini ina kambi nne juu ya ile ya chini, na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza, karibu mita 6,060, isingekuwa na shida yoyote kama isingekuwa njia ya kuifikia. Kati yake na kambi ya chini kuna maporomoko ya barafu ya Khumbu, mahali ambapo mto mzima wa barafu unashuka genge na kuvunjika vipande vikubwa kama majengo. Barafu hiyo haitulii. Husogea hadi karibu mita moja kwa siku, ikifungua nyufa mpya na kuziangusha nguzo zilizosimama jana. Kila mwaka kabla ya msimu, kikosi cha Washerpa wanaoitwa madaktari wa barafu, walioajiriwa na kamati ya kudhibiti uchafuzi ya Sagarmatha (jina la Kinepali la Everest), hutafuta njia, hufunga kamba na kuunganisha ngazi za alumini juu ya nyufa. Kazi yao haiishi hata njia ikifunguliwa. Barafu inapohama, ngazi nazo huhamishwa. Wengine wote hupita usiku na alfajiri, kabla jua halijailegeza barafu.

Kambi ya pili, kati ya mita 6,400 na 6,500, iko ndani ya bonde la Western Cwm na ndiyo mji mdogo wa mlima. Kuna mahema ya jikoni, wapishi na meza ya kulia. Mchana usio na upepo, jua linaloakisiwa na kuta tatu za theluji huwafanya watu wavue makoti. Usiku maji huganda ndani ya chupa. Hapa wageni hukaa siku kadhaa wakizoea, wakigusa kambi ya tatu na kurudi. Ya tatu ni kipande cha mteremko mkali wa ukuta wa Lhotse, zaidi ya mita 7,000, kilichochongwa kwa majembe ili hema lisiteleze. Kutoka nje ya hema bila kujifunga kamba, hata kwa haja ndogo, kumewagharimu watu maisha. Wengi huanza kuvuta oksijeni ya mtungi kuanzia hapo. Ya nne, South Col, karibu mita 7,900, ni uwanja wa mawe na upepo. Watu hufika mchana, hujilaza saa chache bila kulala kweli, na usiku wa siku hiyo hiyo huanza safari ya mwisho.

Msomaji makini atauliza: kambi ya kati iliyowafaa Hillary na Tenzing imekwenda wapi? Haipo tena. Siku hizi kila mtu huanzia South Col kama Bourdillon na Evans. Hilo limewezekana kwa sababu kamba zimefungwa kuanzia chini hadi kileleni kabla mteja hajafika, oksijeni ni nyingi na nyepesi zaidi, na kwa kawaida mteja mmoja anatembea na Msherpa wake anayembebea mitungi ya akiba. Hema la juu limeondolewa, kazi yake imehamishiwa mgongoni mwa mtu.

Si kwamba mfumo wa kambi haukuwahi kupingwa. Mwaka 1975 Reinhold Messner na Peter Habeler walipanda Gasherbrum I, mlima wa zaidi ya mita 8,000, wakiwa wawili tu, bila wapagazi wa juu, bila kamba zilizotangulizwa na bila mitungi. Tarehe 8 Mei 1978 wawili hao wakafika kilele cha Everest bila oksijeni ya ziada, jambo ambalo baadhi ya wataalamu walikuwa wameamini haliwezekani. Na tarehe 20 Agosti 1980 Messner akarudi peke yake upande wa kaskazini, katikati ya mvua za monsuni, akiwa na hema moja dogo alilolibeba, kulikunjua na kulikunja mwenyewe. Haikuwapo kambi iliyomsubiri juu, wala mtu wa kumpokea.

Kwa wapandaji wengi wakubwa huo ndio upandaji halali, na kambi ni namna ya kuuzingira mlima hadi usalimu amri. Hoja yao ina uzito: anayebeba vyake mwenyewe hamweki mwingine hatarini. Lakini ni vyema kukumbuka Messner alikuwa nani. Aliingia Himalaya baada ya maisha mazima kwenye Alps, alikuwa wa kwanza kumaliza vilele vyote 14 vinavyozidi mita 8,000, mwaka 1986, na hata yeye alipoteza ndugu yake na vidole kadhaa vya miguu kwenye mlima wa Nanga Parbat mwaka 1970. Hata ule upandaji wa 1978 ulitegemea kambi za msafara mkubwa wa Waaustria. Kumwambia mpandaji wa wastani aende kwa mtindo huo ni kumwambia asiende. Labda hilo ndilo jibu sahihi, ingawa Nepal ingepoteza mapato na maelfu ya familia za Solukhumbu, wilaya ya Everest, zingepoteza ajira.

Waafrika Mashariki wapo ndani ya habari hii, na si kwa mbali. Wilfred Moshi, mwongozaji wa Kilimanjaro, alifika kileleni Mei 2012 na kuwa Mtanzania wa kwanza kufanya hivyo. James Kagambi, mwalimu wa zamani kutoka Kenya, alifika Mei 2022 akiwa na umri wa miaka 62, katika kundi la wapandaji weusi lililoongozwa na Mmarekani Philip Henderson. Kisha Mei 2024 Mkenya Joshua Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki, akajaribu kupanda bila kutegemea oksijeni ya mtungi. Mwili wake ulionekana chini kidogo ya kilele na familia yake ikaamua ubaki mlimani, ili watu wengine wasihatarishe maisha kuushusha. Magazeti ya Nairobi yalimwandika sana, na alistahili. Mwongozaji wake, Nawang Sherpa, naye hakurudi, na aliandikwa mistari michache.

Upande huo wa wafanyakazi unaonekana pia katika takwimu. Zaidi ya watu 300 wamekufa Everest tangu 1922, na takriban theluthi moja ni wafanyakazi wa mlimani. Wageni wengi hufa juu, siku ya kileleni, kwa uchovu na ugonjwa wa kimo. Wafanyakazi hufa zaidi chini, kazini, kwenye barafu inayoporomoka, wakipandisha vitu ambavyo mgeni atavikuta vimeshawekwa. Asubuhi ya tarehe 18 Aprili 2014 kipande kikubwa cha barafu kilimeguka juu ya maporomoko ya Khumbu na kuwaua Wanepali 16. Walikuwa na mizigo ya kambi za juu. Serikali ilianza kwa kuzipa familia rupia 40,000 za mazishi, kiasi kisichofika dola 500, na hasira za Washerpa zikaufunga msimu. Mwaka uliofuata njia ilisogezwa katikati ya barafu, mbali na ukuta ulikotoka kipande kile, lakini tarehe 25 Aprili 2015 tetemeko la ardhi likashusha poromoko juu ya kambi ya chini yenyewe, mahali ambapo wengi walipahesabu kuwa salama. Tarehe 12 Aprili 2023 Washerpa watatu walikufa tena ndani ya Khumbu, wakiwa kazini kuandaa njia ya msimu ambao Nepal ilitoa vibali 478, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla.

Washerpa wana mwili unaoifaa kazi hii kuliko miili mingine. Mababu zao walitoka Tibet karne kadhaa zilizopita, na utafiti uliotolewa kuanzia 2010 umeonyesha kwamba watu wa nyanda za juu za Tibet wana aina ya jeni, EPAS1, inayoizuia damu yao isiwe nzito kupita kiasi katika kimo kikubwa. Kami Rita Sherpa alikuwa amefika kilele cha Everest mara 31 kufikia Mei 2025. Ang Rita, aliyefariki 2020, alifika mara kumi bila mtungi. Lakini jeni haizuii jiwe la barafu. Kuwasifu Washerpa kwa nguvu za kuzaliwa kumekuwa njia rahisi ya kutozungumzia mshahara na bima.

Nao wenyewe wameacha kusubiri sifa. Tarehe 16 Januari 2021 Wanepali kumi walifika kilele cha K2 wakati wa baridi kali, mlima pekee wa mita 8,000 uliokuwa haujawahi kupandwa msimu huo. Walisubiriana karibu na kilele na kuingia pamoja. Kampuni nyingi za kupandisha watu Everest sasa ni za Wanepali, na baadhi zimeshusha bei hadi takriban dola 30,000 au 40,000, wakati kampuni za kigeni zinaweza kutoza mara mbili ya hiyo au zaidi. Bei imeleta watu wengi, wengine wasiojua hata kuvaa miiba ya chuma viatuni. Mpandaji Mnepali Nirmal Purja alipopiga picha ya msururu wa watu kwenye ukingo wa mwisho, Mei 22, 2019, dunia ilishangaa. Hakukuwa na cha kushangaza. Upepo mkali wa anga za juu hutulia siku chache tu kabla ya mvua za monsuni, kila kampuni husoma utabiri ule ule, na wateja wote huondoka South Col usiku ule ule kwa kamba ile ile. Watu 11 walikufa Everest msimu huo.

Sasa inakuja teknolojia, na hapa ndipo zile kazi mbili za kambi zinapoachana kabisa.

Kazi ya mwili imeanza kufanyiwa nyumbani. Wateja hulala majumbani mwao kwa wiki kadhaa ndani ya mahema yaliyopunguzwa oksijeni, ili wafike Nepal wakiwa wameshazoea kiasi. Mei 2025 Waingereza wanne, chini ya kampuni ya Mwaustria Lukas Furtenbach, walitoka London na kufika kileleni ndani ya siku tano, baada ya maandalizi ya mahema hayo na kuvuta gesi ya zenoni kabla ya safari. Shirikisho la kimataifa la wapandaji milima lilikuwa limeshasema hakuna ushahidi kwamba gesi hiyo inasaidia. Bishano la zenoni lilichukua kurasa nyingi na kuficha jambo la wazi zaidi: hema la nyumbani linaweza kumwondolea mteja safari mbili tatu za kupita Khumbu, lakini halimwondolei mpagazi hata moja. Wale wanne walivuta oksijeni ya mitungi iliyobebwa juu, wakalala katika kambi zilizokwishajengwa, wakashika kamba zilizokwishafungwa.

Kazi ya mizigo nayo imeguswa, polepole. Mwaka 2016, baada ya misiba miwili mfululizo, serikali iliruhusu kamba zivushwe kwa helikopta juu ya maporomoko ya Khumbu. Mwaka 2024 zikajaribiwa droni za mizigo kati ya kambi ya chini na ya kwanza, na 2025 zikatumika kubeba ngazi, kamba na mitungi kwenda juu na kurudisha takataka. Zinavuka kwa dakika chache pale ambapo Msherpa hutumia saa nyingi chini ya barafu inayoning'inia. Wapo wanaolalamika kwamba mashine inaharibu heshima ya mlima. Heshima hiyo imekuwa ikilindwa kwa migongo ya watu wengine, na droni inayomtoa mtu mmoja chini ya ukuta wa Khumbu ni habari njema kuliko gesi ya zenoni. Hofu ya kweli ni nyingine: wafanyakazi walipwao kwa idadi ya mizigo watalipwa nini mizigo ikiruka yenyewe? Swali hilo linahitaji jibu la mkataba, na linahitaji jibu mapema.

Takataka zinafuata mantiki hiyo hiyo. Mwaka 2014 iliwekwa kanuni kwamba kila mpandaji ashuke na kilo nane za taka, na mwaka 2024 ikaongezwa ya kubeba mifuko ya kuwekea kinyesi chake. Bado South Col imejaa mahema yaliyochanika na makopo ya gesi, kwa sababu hakuna anayetaka kutumia pumzi zake za mwisho kukunja hema. Wakati huohuo barafu yenyewe inaondoka. Utafiti uliochapishwa 2022 ulikadiria kwamba mto wa barafu wa South Col umepoteza takriban mita 55 za unene kwa miaka 25 hivi, na taka za miongo iliyopita zinafunuliwa. Atakayezishusha anajulikana.

Kambi hazitaondoka Everest. Maadamu watu mia kadhaa wasio Messner wanataka kufika mita 8,848 kila mwaka, lazima kuwe na hema, jiko na mtungi unaowangoja juu, na lazima kuwe na aliyeupeleka. Kubishana kama upandaji huo ni wa kweli au wa bandia ni anasa ya wapandaji wenyewe. Jambo linalopimika ni safari ngapi mfanyakazi anapita Khumbu kwa ajili ya mteja mmoja, na familia yake inapata nini asiporudi. Mkenya au Mtanzania anayeweka akiba ya kwenda huko ana haki ya kuiuliza kampuni maswali hayo mawili kabla ya kutoa shilingi, na kuhama kampuni isipokuwa na jibu. Baada ya vifo vya 2014 Nepal ilipandisha bima ya maisha ya mfanyakazi wa mlima mrefu hadi rupia milioni 1.5, takriban dola 15,000 kwa thamani ya wakati ule. Kuanzia Septemba 2025, kibali cha mgeni mmoja kupanda Everest kwa msimu wa machipuko (Machi hadi Mei) kimepanda kutoka dola 11,000 hadi dola 15,000.